Mgongo wa Kiganja

Kipimajoto cha bani kilipasuka wiki ya pili ya msimu,
na chama cha ushirika pale Urambo kikasema, subirini.
Tumbaku haisubiri.
Shangazi Nyanzala akautumbukiza mkono mtungini,
akahesabu kimoyomoyo, akautoa, akaukung'uta,
akauweka ukutani, si kiganja, mgongo wa kiganja,
saa nane za usiku, moshi umetufumba macho.
"Toa magogo mawili."
Nikatoa.

Nilimuuliza mbona anauloweka kwanza.
Akanijibu kama anayefukuza kuku:
"Mkono wenye moto utasikia moto wa nani?"

Sasa nafundisha fizikia, kidato cha tatu,
nusu saa kwa baiskeli kutoka bani lilipobomokea,
na jioni hii ubaoni nimechora darubini
itakayokaa ng'ambo ya mwezi, mara nne ya safari hiyo
(nasi tunaoitwa wa mwezi hata huko hatujafika).
Nimeichorea ngao ya kuikinga na jua.
Ya nini, mwalimu?
Ipoe. Ipoe kuliko usiku wowote wa Juni mnaoujua.
Ikibaki na joto lake itajiona yenyewe,
itaandika habari za mwili wake ikidhani ni mbingu.

Hapo chaki ilisita. Niliuona mtungi.

Kuna mwanga, niliwaambia, uliotoka kwao ukiwa mweupe.
Ukatembea, na njia ikawa inarefuka chini ya nyayo zake,
ukavutika kama mpira wa manati,
ukawa mwekundu, ukaupita wekundu,
ukatufikia ukiwa joto tu,
joto la yai ambalo kuku ameliacha tangu alfajiri.
Jicho haliwezi. Ngozi labda, ikiwa baridi mno.
Na vumbi linaloficha nyota changa,
moshi wa mabani ya huko,
mwanga huo hulipenya bila kukohoa.

Mwashi, dawati la nyuma: itatazama nyota ipi?
Ndio utamu wake, Mwashi. Haichungulii tundu la ufunguo.
Inang'oa mlango na fremu yake.
Galaksi kwa mamilioni katika picha chache,
kwa sababu wanachotaka si nyota, ni umbali:
nani yuko mbali na nani, na tangu lini,
maana kila moja inazidi kuachana na mwenzake
na mwendo haupungui, unaongezeka.

Nikawaeleza habari za kuni.
Mwaka nilioanza kubeba, mtundu wa kwanza ulikuwa nyuma ya choo.
Mwaka wa pili, ng'ambo ya kijito.
Tulipojenga bani la tatu
tulitoka na uji tukarudi na popo.
Msitu ulikuwa ukitukimbia, na ukikimbia ukichanganya miguu.
Ila sisi anayeusogeza tulimjua;
tulimbeba begani, ana mpini.
Wa huko juu hawamjui. Wamemwita giza, basi,
kama unavyomtaja mgeni aliyebisha hodi
ukafungua ukakuta uwanja.

Mihambo akacheka: "Si ajabu ni sisi tena, mwalimu."
Darasa likacheka.
Nikasema sidhani. Kisha nikasema,
liandike hilo swali.

Hawakumaliza kuandika. Umeme ukakatika.
Watoto arobaini na watatu, na hakuna aliyekuwa na uso.
Kila chenye joto kinang'aa, niliwaambia gizani,
nanyi mnang'aa sasa hivi, hata Mihambo,
ni macho tu hayakuumbwa kwa kazi hiyo.
Wengine waliguna.

Sikuwasha tochi ya simu.
Nilipapasa hadi kwenye ndoo ya kufutia ubao,
nikazamisha mkono mpaka kifundo,
nikahesabu, nikaukung'uta,
nikauweka kwenye ukuta wa magharibi:
jua lilikuwa bado mle, kimo cha mtu,
limepungua kuelekea sakafuni.

"Mwalimu umenyamaza," alisema mmoja.
Njooni, nikasema. Mmoja mmoja. Si kiganja.
Nikasikia madawati yakisogea,
na maji yakilia ndooni.